Kutoka Mgeni hadi Mhamiaji Haramu: Msamiati wa Magazeti ya Kiswahili kuhusu Watu Waliohama na Uhalifu

1.0 Utangulizi



Kwa desturi, mihadhara ya namna hii huhusu ushairi, isimu au historia ya usanifishaji wa lugha yetu. Leo nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo. Nalo ni maneno ambayo magazeti ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yamewatajia watu waliotoka kwao wakaenda kwingine, na jinsi maneno hayo yalivyofungamanishwa na uhalifu.

Kilichonisukuma kuchagua mada hii ni swali nililoulizwa miaka mingi iliyopita na mhariri mmoja wa habari. Alitaka kujua kama istilahi "mhamiaji haramu" ni Kiswahili sanifu. Nilimjibu kwa haraka kuwa ni sanifu, kwa sababu nomino imepewa kivumishi chake na upatanisho hauna kasoro. Kisarufi jibu langu lilikuwa sahihi. Hata hivyo, sikujiuliza kama lilikuwa sahihi kwa mtu anayetajwa. Mhadhara huu, kwa kiasi fulani, ni jaribio la kulijibu upya swali la mhariri yule.

Nitayafuata maneno matano, yaani mgeni, mhuni, shifta, mkimbizi na mhamiaji haramu. Kila moja lina tarehe yake na mazingira yake ya kisiasa. Hoja yangu ni kwamba maneno haya hayakuwa vioo vya kuakisi uhalifu uliokuwapo tu. Yalichangia pia kuamua nani ahesabiwe kuwa mhalifu kabla hajatenda lolote. Sidai kwamba waliohama hawakuwahi kutenda uhalifu, maana kufanya hivyo kungekuwa kuibadili chuki kwa hadithi tamu. Ninachodai ni kwamba kutenda ni jambo moja na kuitwa ni jambo jingine, na mwanalugha ana wajibu wa kuyatenganisha.

2.0 Mgeni na Mhuni: Enzi ya Ukoloni

Shina -geni lina maana pana. Kitu kigeni ni kitu kisichozoeleka, na mgeni ni mtu asiyezoeleka. Lakini mgeni huyo huyo ndiye anayeandaliwa chakula na kutandikiwa kitanda. Wahenga waliposema "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walimwona mgeni kuwa sababu ya heri. Waliposema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," walimwekea mipaka, lakini mipaka yenyewe ilikuwa njia ya kumwingiza katika kazi za nyumba na shamba. Anayepewa jembe hafukuzwi. Kwa hiyo neno hili la asili lilibeba shaka na ukarimu kwa pamoja, na maana ya kila mara iliamuliwa na mwenendo wa mgeni mwenyewe.

Hali ilianza kubadilika miji ya kikoloni ilipokua. Katika Tanganyika, serikali ya Waingereza ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Gazeti hilo lilisomwa nchi nzima, nalo lilichapisha mashairi, habari za majimbo na barua za wasomaji. Katika maandishi ya enzi hiyo neno lililoshika kasi kuhusu vijana waliotoka mashambani kwenda Dar es Salaam ni mhuni. Kamusi za zamani humweleza mhuni kuwa mtu wa kutangatanga, asiye na makazi wala mke. Tazama basi kwamba kiini cha neno kilikuwa kuzurura, na wala si kuiba. Lakini kadiri mji ulivyojaa, maana ya kuzurura na maana ya kuiba zilikaribiana hata zikagusana.

Takwimu za sensa zinaeleza kwa nini. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wapatao 69,000. Mwaka 1957 walikuwa karibu 129,000. Idadi ilikaribia kuwa maradufu katika miaka tisa, huku ajira na nyumba zikishindwa kwenda sambamba nayo. Mwaka 1944 serikali ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa," na misako ya kuwarudisha vijijini ikawa jambo la kawaida. Mwanahistoria Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu mji huo, ameonyesha kwa kina jinsi kukosa kazi kulivyogeuzwa kuwa kosa. Mtu alikamatwa kwa jinsi alivyokuwa, kwamba hana kazi wala kodi, pasipo kuulizwa alichofanya. Neno mhuni liliirahisisha kazi hiyo, kwa kuwa lilikwisha kuunganisha hali na kosa katika nomino moja. Aidha, Waafrika wengi waliokwisha kujijenga mjini waliunga mkono misako hiyo na kulitumia neno hilo hilo dhidi ya waliokuja baada yao. Hatuwezi kuutupa mzigo wote mlangoni kwa mkoloni.

Kuna kinaya kimoja ambacho wanafunzi wa historia ya uandishi wapaswa kukijua. Gazeti la kwanza la Kiswahili la Dar es Salaam lililomilikiwa na Mwafrika, Kwetu, lilianzishwa mwaka 1937 na Erica Fiah. Fiah hakuwa mzaliwa wa Tanganyika. Alikuwa Mganda aliyefika nchini kutokana na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Aliyewapa Waafrika wa Dar es Salaam jukwaa lililoitwa Kwetu alikuwa mtu wa kuja.

3.0 Shifta: Raia Aliyefanywa Mgeni

Tuvuke mpaka twende Kenya. Neno shifta lina asili ya Ethiopia na Eritrea, ambako katika Kiamhara na Kitigrinya lilimaanisha jambazi wa porini, na wakati mwingine mwasi aliyeikimbia serikali. Liliingia katika Kiingereza cha watawala wa mpakani na katika Kiswahili cha magazeti, na umaarufu wake ulipanda kuanzia mwishoni mwa mwaka 1963.

Wasomali wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia, na tume iliyotumwa mwaka 1962 kukusanya maoni ilithibitisha hivyo. Serikali ya Uingereza haikuutekeleza mwelekeo huo, na mapigano yakazuka. Wiki mbili tu baada ya uhuru, Desemba 1963, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo. Vita viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967.

Kwa upande wa waasi hivyo vilikuwa vita vya kisiasa. Serikali ilivitaja kuwa vita vya shifta, na magazeti yakafuata. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa kisheria na wa kimaadili. Mwasi ana dai, hata kama dai lenyewe ni batili, na dai huzungumzwa. Jambazi hana dai lolote, na kwake kuna msako tu. Neno liliifunga midomo mada yenyewe. Zaidi ya hapo, halikubaki kwa waliobeba bunduki. Mchungaji wa ngamia, mfanyabiashara wa Garissa na mwanafunzi wa Wajir walijikuta chini ya kivuli cha neno moja.

Hapa naomba tahadhari ya kisarufi. Baadhi ya wanafunzi hupenda kusema kwamba wingi wa mashifta, kama ule wa majambazi na magaidi, unawatoa watu hao katika ngeli ya binadamu na kuwaweka pamoja na vitu. Hoja hiyo inavutia, lakini haina nguvu. Kiambishi ma- hupokea maneno mengi ya mkopo yanayotaja watu, na wengi wao huheshimiwa, wakiwamo madaktari, makarani na marais. Dharau haimo katika kiambishi. Imo katika matumizi, na hasa katika swali la nani anaweza kulikwepa neno na nani hawezi.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba Wasomali hao hawakuwa wamehamia Kenya. Walikuwa katika malisho yao ya siku nyingi, na mpaka ndio uliochorwa juu yao. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliendesha zoezi la kuwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi maalumu za kuthibitisha uraia. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kufanya hivyo wakati huo. Kwa hiyo, hata kabla ya kambi za Dadaab kufunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa waliokimbia kuanguka kwa dola ya Somalia, nafasi ya Msomali katika lugha ya habari ilikwisha kuandaliwa. Wakimbizi waliokuja kutafuta hifadhi waliingia katika neno lililokuwa likiwasubiri.

Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, na milipuko iliyofuata Nairobi na Mombasa, neno gaidi lilichukua nafasi ya shifta katika kurasa za mbele. Aprili 2014 polisi waliendesha operesheni kubwa katika mtaa wa Eastleigh, na maelfu ya watu walikamatwa, wengine wakizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wengi walidai mara moja kwamba kambi za wakimbizi zifungwe. Hata hivyo, ilibainika baadaye kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa raia wa Kenya, kijana aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha nchi hiyo hiyo. Habari hiyo ilichapishwa, lakini haikulibadili dai. Mei 2016 serikali ilitangaza nia ya kuifunga Dadaab, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba.

Siwezi kupita hapa bila kukumbusha kwamba waliouawa Westgate na Garissa walikuwa watu wenye majina, na baadhi yao wa umri wa wanafunzi walio mbele yangu. Woga wa wananchi ulikuwa na sababu. Lakini woga wenye sababu unahitaji lugha makini zaidi, kwa kuwa ukielekezwa pasipostahili humwacha mhalifu halisi akipita.

4.0 Mkimbizi: Kupanda na Kushuka kwa Neno

Sasa turudi Tanzania, ambako historia ya neno mkimbizi ina mafunzo ya pekee.

Kwa umbo, mkimbizi anatokana na kitenzi kimbia, kama mwizi anavyotokana na iba. Kiswahili kinamtaja mtu huyu kwa mwendo wake. Hakimtaji kwa mahali alipopewa usalama, ingawa lugha inalo neno zuri la kimbilio. Kwa hiyo sikio la Mswahili husikia miguu kwanza, na anayekimbia aweza kuwa anaikimbia hatari au anakimbia na hatia. Ni muktadha unaoamua.

Kwa takriban miongo mitatu baada ya uhuru, muktadha ulimpendelea mkimbizi. Lugha rasmi ya nchi ilikuwa ya ukombozi, na neno lilihusu pia waliokimbia utawala wa Wareno Msumbiji na ubaguzi wa rangi kusini mwa bara. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1979 Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa bara zima kuhusu wakimbizi. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa mchango wake katika jambo hilo hilo. Naomba nisieleweke vibaya, kwani hata makazi yale yalikuwa na mipaka na vibali vya kutoka. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katika miaka ya 1980, ameeleza jinsi wakimbizi waliojichanganya na watu wa mjini walivyopendelea kutojulikana kwa jina hilo. Hata hivyo, katika kurasa za habari neno halikuwa tusi.

Mgeuko ulikuja katika miaka ya 1990. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, Warundi kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa ishirini na nne. Katika Wilaya ya Ngara wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa muda wa siku chache. Miti ilikatwa, visima vikakauka, na miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji wa kimbari na wanamgambo wenye silaha. Haya ni ya kweli. Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, tarehe ya mwisho ikiwa 31 ya mwezi huo. Sheria mpya ya Wakimbizi ilitungwa mwaka 1998, na wakimbizi wakatakiwa wasivuke kilomita nne kutoka kambini bila kibali.

Katika miaka hiyo hiyo vyombo vya habari binafsi vilikuwa vikichipuka kufuatia mageuzi ya kisiasa ya mwaka 1992. Magazeti mapya yalishindania wasomaji, na habari za ujambazi ziliuza. Mwandishi wa mkoani alilipwa kwa habari iliyochapishwa, naye chanzo chake cha karibu, cha haraka na cha bure kilikuwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Hivyo ndivyo kauli ya polisi ilivyogeuka kuwa kauli ya gazeti bila kupitia mikono mingi.

Naomba tuichunguze ibara moja iliyozoeleka sana katika habari za namna hiyo, nayo ni "watu wanaosadikiwa kuwa wakimbizi." Kitenzi sadiki kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na anayesadiki ametoweka. Je, ni polisi? Ni shahidi aliyesikia lafudhi? Ni mwandishi? Sarufi inamruhusu kila mmoja asiwajibike. Isitoshe, sadiki ni kitenzi cha imani. Tukisema "wanaodhaniwa" tunakiri kuwa ni dhana. Tukisema "wanaosadikiwa," dhana imevikwa kanzu ya ukweli. Mshitakiwa akishaachiwa kwa kukosa ushahidi, mara nyingi hakuna habari ya pili ya kumfuata msomaji na kuisahihisha ile ya kwanza.

Suala la hesabu nalo lahitaji kusemwa wazi. Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya ina watu 100,000, na kwa mwaka huandikishwa makosa 100. Wakija watu wengine 200,000 wenye tabia ile ile ya wenyeji, makosa yatakuwa 300. Kichwa cha habari chenye kusema kwamba uhalifu umeongezeka mara tatu kitakuwa kweli, na hata hivyo uwezekano wa mtu mmoja kuvunja sheria haujabadilika hata chembe. Juu ya hayo, kuvuka mpaka bila kibali, au kutoka nje ya kilomita nne, ni kosa ambalo mwenyeji hawezi kulitenda. Likijumlishwa na wizi na mauaji katika takwimu moja, wageni hawana budi kuonekana wahalifu zaidi. Watafiti wenye uangalifu wamejaribu kuuepuka mtego huu kwa kulinganisha. Loren Landau, kwa mfano, aliitazama Kasulu, wilaya yenye makambi, sambamba na Mpwapwa, wilaya isiyo nayo. Swali la namna hiyo, "ikilinganishwa na wapi?", ni nadra kulikuta katika ukurasa wa habari.

Pamoja na hayo, tusiseme kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1995 ilianzishwa huko Ngara Radio Kwizera, iliyotangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, ikiwasemesha wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Katika matangazo kama hayo mkimbizi aliweza kuwa msemaji, msikilizaji na jirani, bila kubaki kitu cha kutolewa taarifa.

5.0 Mhamiaji Haramu: Kitendo Kinapogeuka kuwa Mtu

Nafika sasa kwenye swali la mhariri wangu.

Mhamiaji ni neno lisilo na doa. Linatokana na hamia, yaani kuhama kwa kuelekea mahali. Kiswahili kina hata neno la heshima katika uwanja huu, kwani muhajiri ni yule aliyehama kwa ajili ya imani yake, na Waislamu wa Pwani huwataja Muhajirina kwa utukufu. Tatizo limo katika haramu.

Kwa matumizi ya asili, haramu ni hukumu juu ya kitu au kitendo. Mali yaweza kuwa haramu, na vilevile chakula, biashara au ndoa. Mtu akila cha haramu, yeye mwenyewe haitwi haramu. Ametenda dhambi, naye aweza kutubu. Mahali pa pekee ambapo lugha ilizoea kuiambatisha haramu na mtu ni katika mwanaharamu, tusi zito linalomhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake, jambo asilolitenda. Kando yake yupo haramia, mnyang'anyi wa baharini na nchi kavu, mwenye mzizi huo huo wa Kiarabu. Kwa hiyo tunapomwita mtu mhamiaji haramu, tunamweka katika ujirani wa maneno mawili, moja la nasaba chafu na jingine la unyang'anyi. Msomaji hahitaji kuujua mzizi ili asikie mwangwi wake.

Linganisha na maelezo ya kisheria: "mtu aliyeingia nchini bila kibali." Hapo kuna kitendo, kuna wakati wake, na kuna kasoro inayoweza kurekebishwa, maana kibali hupatikana. Katika "mhamiaji haramu" wakati umefutwa, na kasoro imekuwa sifa ya kudumu ya mtu. Aliyevuka mpaka jana na aliyevuka miaka hamsini iliyopita akiwa mgongoni mwa mama yake wako sawa.

Hili si zoezi la darasani. Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa waliokuwa nchini isivyo halali wiki mbili waondoke, na katika wito huo huo akawataka majambazi wasalimishe silaha. Mwezi Septemba ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Uhusiano wa Tanzania na Rwanda ulikuwa umeharibika tangu Mei mwaka huo, na siasa hiyo haikukosa kuingia katika habari. Serikali ilikuwa na haki ya kusimamia mipaka yake, na ujambazi wa kutumia silaha katika misitu ya Biharamulo ulikuwa umewatesa wasafiri kwa miaka mingi. Lakini makundi mawili yalitajwa kwa pumzi moja, na magazeti yakayabeba kwa pumzi hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa. Taarifa za mashirika ya haki za binadamu zilieleza kwamba miongoni mwao walikuwamo watu walioishi Tanzania kwa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa na Watanzania, na hata waliokwisha kupewa uraia. Wake walitengana na waume, na ng'ombe wakaachwa mazizini.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2014, serikali hiyo hiyo ilianza kukabidhi hati za uraia kwa Warundi wa mwaka 1972 na wazao wao, zaidi ya watu 162,000. Hilo ni tendo la ukarimu lenye mifano michache duniani. Watu hao waliitwa raia wapya. Ikiwa nchi moja, katika muda usiofika miezi ishirini, iliweza kuwa na majina mawili yaliyo mbali hivyo kwa watu wa asili inayofanana, basi majina hayakuwa yakitoka katika tabia za watu hao. Yalitoka katika hati, siasa na hiari yetu.

Vitenzi navyo vina sehemu yao. Wahamiaji humiminika na hufurika, na kuja kwao ni wimbi, wakiwa maji yasiyo na nia wala sura. Kisha husakwa na kunaswa, vitenzi ambavyo asili yake ni uwindaji. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa mkoani Dodoma. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori wakisafirishwa kuelekea kusini. Hapo walionasa na walionaswa walikuwa wazi, kwani mhalifu alikuwa msafirishaji aliyewafungia. Hata hivyo ilizoeleka kuwataja marehemu hao kwa istilahi ile ile, kana kwamba kosa la kukosa kibali lilipaswa kuandikwa juu ya kaburi.

Sasa tugeuze upande wa pili wa sarafu. Vijana wetu waliojificha melini kwenda Ulaya na Afrika Kusini tuliwaita wazamiaji, neno lenye mzaha na hata sifa kidogo ya ushujaa. Wanaofanya kazi ngumu ughaibuni tumewaita wabeba boksi, kwa utani wa kindugu. Tunasema wamekwenda kutafuta maisha. Lakini Afrika Kusini, ambako mashambulio ya Mei 2008 dhidi ya wageni yaliua watu zaidi ya 60, mgeni Mwafrika huitwa kwa neno la kejeli makwerekwere, linaloigiza usemi usioeleweka. Kwa sikio la huko, lugha hii tunayoiadhimisha leo ni sehemu ya kelele hiyo. Aliye mzamiaji kwetu ni haramu kwingine, naye ni mtu yule yule.

6.0 Tunakoweza Kufikishwa na Maneno

Mnamo tarehe 3 Desemba 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na gazeti la Kangura na redio ya RTLM. Hukumu ya rufaa ya Novemba 2007 ilipunguza adhabu na kubatilisha baadhi ya makosa, lakini haikuwaondolea hatia wote watatu. Neno inyenzi, yaani mende, lililotumiwa dhidi ya Watutsi, lilikuwa limetumika katika miaka ya 1960 kuwataja wapiganaji waliotoka miongoni mwa wakimbizi walioko nje ya nchi. Lilianza kwa wachache wenye silaha, likaenea kwa kila mkimbizi, na mwisho likamfikia jirani asiyewahi kutoka kijijini kwake.

Sisemi kwamba magazeti ya Kiswahili yamefika huko, na kuyalinganisha moja kwa moja kungekuwa kuwakosea waandishi wetu na marehemu pia. Ninachokionyesha ni mwelekeo wa kupanuka kwa neno. Ndio ule ule tuliouona kwa mhuni na kwa shifta, na tofauti ilikuwa katika umbali uliofikiwa.

7.0 Hitimisho

Nimeeleza kwamba mgeni alikuwa na jembe la kupewa, mhuni akawa na kosa la kutokuwa na kazi, shifta akawa raia aliyenyang'anywa dai lake, mkimbizi akashuka kutoka ndugu hadi mshukiwa, na mhamiaji haramu akawa mtu ambaye kosa lake halina mwisho. Katika kila hatua palikuwapo uhalifu wa kweli, na katika kila hatua neno lilipita mbali zaidi ya wahalifu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, watunzi wa kamusi wasiiorodheshe istilahi "mhamiaji haramu" bila alama ya matumizi inayomjulisha msomaji kwamba ni neno lenye hukumu ndani yake, na kando yake waweke "mhamiaji asiye na kibali." Pili, wanaofundisha uandishi wa habari kwa Kiswahili waifanye kauli ya kutendwa kuwa somo la maadili sawa na ilivyo somo la sarufi, ili kila "anayesadikiwa" apatiwe msadiki wake. Tatu, wanafunzi wa shahada za juu wayafungue majalada ya magazeti ya mwaka 1990 hadi 2015 na kuhesabu ni mara ngapi utaifa wa mshukiwa ulitajwa, ni lini haukutajwa, na ni kesi ngapi zilizofuatwa hadi hukumu. Kazi hiyo yahitaji subira tu, na maktaba zetu zinayo magazeti hayo.

Kiswahili kilikua bandarini na katika njia za misafara, kwa vinywa vya watu waliokuwa safarini. Mzizi wake wa Kibantu umepokea maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na hakuna lililodaiwa kibali. Kama yule mhariri yumo ukumbini leo, namjibu hivi: istilahi yako ni sanifu kwa sarufi, na ningekushauri usiitumie.